Joto, Umeme na Draiva: Kuchoka kwa Kompyuta za Gemu Arua na Koboko

Windows huipa kadi ya picha sekunde 2. Kadi ikipewa kazi ya kuchora na ikashindwa kujibu ndani ya muda huo, mfumo huihesabu kuwa imezimia, huikata na kuianzisha upya. Skrini iliyokuwa nyeusi hurudi ikiwa na taarifa kwamba draiva ya picha iliacha kujibu na sasa imepona. Utaratibu huu ulianza na Windows Vista, mwaka 2007. Kabla yake, enzi za XP, kompyuta iliganda tu, na mchezaji akabonyeza kitufe cha kuzima huku akilaani. Kwa hiyo ni maendeleo. Tatizo ni kwamba taarifa hiyo iliitaja draiva kwa jina, na tangu hapo draiva ndiyo inayobebeshwa lawama kila gemu inapokatika.

Arua na Koboko lawama hiyo inalipiwa. Kijana anapakia mashine yake kwenye bodaboda hadi kwa fundi, anasema draiva imekufa. Fundi anafomati, anaweka Windows upya, anaweka draiva aliyonayo kwenye flashi, anapokea hela yake. Jioni gemu inacheza vizuri, kwa sababu mashine ilishinda imezimwa na imepoa. Kesho yake mchana inakatika palepale ilipokuwa ikikatika. Ikirudishwa inafomatiwa tena, na safari hii picha za familia zinapotea pamoja na gemu.

Kompyuta za gemu katika West Nile, pembe hii ya Uganda, kwa kawaida haziuawi na draiva. Zinachoka hatua kwa hatua, na hatua hizo zina mpangilio unaosomeka: joto na umeme mbovu huanza pamoja, kapasita na lehemu hufuata, na mashine ikishakuwa hoi ndipo watengenezaji wanapoacha kuiandikia draiva. Draiva huonekana ya kwanza kuanguka kwa sababu ndiyo pekee yenye sauti. Vumbi halitoi taarifa kwenye skrini.

Tuzitazame mashine zenyewe. Kompyuta za mezani zinazochezewa gemu katika miji midogo ya Afrika Mashariki mara nyingi zilianza maisha ofisini, ng'ambo: Dell OptiPlex, HP, Lenovo ThinkCentre, zilizoandika barua na kupiga hesabu miaka kadhaa kisha zikauzwa kwa mafungu. Serikali ya Uganda ilitangaza katika bajeti ya Juni 2009 kwamba inapiga marufuku kuingiza kompyuta, friji na televisheni zilizotumika. Anayepita leo kwenye maduka ya kompyuta Kampala ataona mwenyewe kama mtumba uliisha. Kutoka huko mashine inasafiri kilomita 500 hivi, inavuka Nile mara mbili, Karuma na Pakwach, ndipo inapofika Arua. Nyingine zinaendelea kilomita 55 zaidi kwenye lami hadi Koboko, mji ulio karibu na mpaka wa Sudan Kusini na ule wa Kongo, ambako bidhaa moja huweza kuulizwa bei kwa Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kilingala na Kiswahili kabla haijauzwa. Kipuri nacho hupita njia hiyohiyo. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa ukarabati mwaka 2024, magari yalilazimika kuzunguka, na hakuna muuzaji anayekubali kuzungukia feni ya kompyuta kwa gharama zake.

Mashine ya ofisi haikuundwa kwa ajili ya gemu. Pawa saplai yake, kwa OptiPlex nyingi za miaka ya 2012 hadi 2014, ni ya wati 240 hadi 290, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi ya picha. Kadi inalazimika kuishi kwa umeme wa tundu lake kwenye bodi kuu, ambao mwisho wake ni wati 75. Ndiyo maana jina la GTX 750 Ti ya mwaka 2014, inayokula wati 60, limedumu sana, pamoja na GTX 1050 Ti ya 2016 na GT 1030 ya 2017. Ni kadi za heshima. Zikiwa kwenye boksi lenye nafasi na hewa, zingeweza kuzeeka taratibu. Zikibanwa ndani ya sanduku jembamba la ofisi, karibu na diski na pawa saplai, zinavuta hewa ambayo imeshapashwa moto na majirani zao.

Hapa ndipo hesabu ya joto inapoanza, na ni hesabu rahisi ambayo hufanywa mara chache. Kipoza joto hakiwezi kuishusha kadi chini ya joto la hewa ya chumba. Kinachoweza kufanya ni kupunguza tofauti kati ya hivyo viwili. Tuseme kadi, ikiwa kazini, hupanda nyuzi 60 juu ya hewa iliyoizunguka. Katika ofisi ya Ulaya yenye nyuzi 22 itafika 82, na hapo hakuna la kuogopa. Katika chumba cha mabati mwezi Februari, saa nane mchana, pazia limeshushwa ili skrini ionekane vizuri na watu kumi wamejazana nyuma ya wachezaji, hewa inaweza kufika nyuzi 35 na kuzidi. Kadi ni ileile na gemu ni ileile, lakini sasa ni nyuzi 95. Kadi za kizazi cha GTX 10 huanza kujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 83 au 84. Mchezaji anaona mpira unaenda kwa kuruka-ruka, anadhani ni gemu mbovu. Kumbe kadi inajiokoa.

Kuna jambo dogo ambalo watu wa pwani hawana haja ya kuliwaza. Arua iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko ya Mombasa ikiwa joto ni sawa. Feni inayozunguka kwa kasi ileile hubeba hewa pungufu, na hewa pungufu hubeba joto pungufu. Peke yake haliui mashine. Linachofanya ni kula ile akiba ndogo iliyobaki baada ya mabati na pazia kula sehemu yao.

Vumbi ndilo kubwa. Kuanzia Desemba hadi Machi, udongo mwekundu wa West Nile hukauka, na kila pikipiki inayopita huuinua tena. Vumbi hilo likiingia kwenye kompyuta haliishii kwenye matundu ya mbele, ambako mwenye mashine huliona na kulifuta kwa kitambaa. Linajikusanya ndani, kati ya feni na mabamba membamba ya kipoza joto, likashikamana na mafuta ya hewa na moshi wa makaa hadi likawa kama blanketi. Kwa nje feni inaonekana inazunguka na inasikika ikivuma. Upepo hautoki. Huu ndio mtego unaowakamata hata watu wenye uzoefu: wanakagua feni, wanaona iko hai, wanahitimisha kwamba upozaji uko sawa, kisha wanarudi kwenye draiva. Kipimo sahihi ni kiganja. Weka mkono nyuma ya sanduku gemu ikiwa inachezwa. Kama hewa inayotoka ni dhaifu na mashine inavuma kwa nguvu, kuna kizuizi ndani.

Chini ya kipoza joto kuna ile pesti ya kupitisha joto kutoka kwenye chipu. Inakauka. Mashine iliyotengenezwa mwaka 2013 na haijawahi kufunguliwa ina pesti iliyogeuka unga, na kati ya chipu na chuma sasa kuna hewa, ambayo ni kizuizi cha joto. Kubadilisha ni kazi ya nusu saa na bomba moja dogo. Wapo wanaopaka dawa ya meno badala yake. Inafanya kazi siku chache kwa sababu ina maji. Maji yakikauka hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo, na mteja anarudi akisema fundi alimharibia mashine. Kwa hili mteja ana haki.

Umeme unahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu historia ya umeme wa West Nile imeandikwa ndani ya hizi mashine. Kwa miongo mingi eneo hili halikuwa kwenye gridi ya taifa. Mwaka 2003 kampuni ya WENRECO, iliyo chini ya mtandao wa Aga Khan, ilipewa jukumu la kuzalisha na kusambaza umeme wa eneo, na kwa miaka mji wa Arua ulitegemea jenereta ya mafuta mazito ya megawati 1.5. Mwaka 2012 kituo cha maji cha Nyagak, karibu na Paidha, kiliongeza megawati 3.5. Ilikuwa hatua kubwa, lakini miji ilikua haraka kuliko mto, na mgao ukabaki sehemu ya maisha. Laini kubwa ya kilovolti 132 kutoka upande wa Gulu na Nebbi iliifikisha Arua kwenye gridi ya taifa mwaka 2024, mwaka uleule ambao bwawa la Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa rasmi. Kwa maneno mengine, mashine yoyote iliyofanya kazi Arua miaka kumi kabla ya hapo ilikulia kwenye umeme wa kuja na kuondoka, ikisaidiwa na jenereta ndogo za dukani, sola na inveta.

Umeme wa namna hiyo hudhuru kwa njia tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni volti kushuka. Pawa saplai ikihitaji wati zilezile wakati volti zimeshuka kutoka 240 hadi 180, inalazimika kuvuta mkondo zaidi kwa thuluthi moja, na mkondo zaidi ni joto zaidi ndani ya kisanduku chake. Ya pili ni umeme unaporudi kwa kishindo, friji na pampu zote za mtaa zikiwaka pamoja. Stebilaiza husaidia hapo ikiwa ni ya kweli. Ya tatu haitajwi sana, nayo ni mzunguko wa joto. Kila umeme unapokatika katikati ya gemu, kadi iliyokuwa nyuzi 90 inaachwa bila feni, kisha inapoa hadi joto la chumba. Umeme ukirudi inapanda tena. Chuma, plastiki na lehemu hupanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti. Mashine ya ofisi ya Ulaya huwashwa asubuhi na kuzimwa jioni: mzunguko mmoja kwa siku. Siku ya mgao mbaya inaweza kuwa na mizunguko mingi, na mashine inazeeka kwa idadi ya mizunguko kuliko kwa kalenda.

Kapasita za pawa saplai nazo zina kanuni yake, ambayo mafundi wa redio wa zamani waliijua: joto likipanda nyuzi 10, umri wake hupungua kwa nusu. Kapasita iliyochoka haitangazi kifo. Inaacha tu kushikilia volti 12 pale kadi ya picha inapodai umeme wa ghafla, mathalani wachezaji wanapotoka kwenye menyu na uwanja wote kuchorwa kwa mara moja. Volti zinayumba kwa muda mfupi usioonekana, kadi inapoteza fahamu, sekunde 2 zinapita. Skrini inasema: draiva.

Windows ina daftari la matukio, na ndani yake kila ajali huachwa na namba. Namba 4101 ni draiva ya picha iliyoacha kujibu. Namba 41 ya Kernel-Power ni mashine iliyozimika bila kuagana. Kwingineko tofauti kati ya hizi mbili ni ushahidi mzuri sana: 4101 inakuelekeza kwenye kadi, na 41 inakuelekeza kwenye pawa saplai au kwenye joto lililopita kiasi hadi mashine ikajizima. West Nile ushahidi huo umechafuliwa. Umeme wa mtaa ukikatika, Windows huandika 41 ileile. Fundi anafungua daftari na kukuta mamia ya 41, hawezi kujua ni ipi ya mgao na ipi ya mashine, na kwa kukosa la kufanya anafomati, akifuta hata 4101 zilizokuwa na maana. Tiba yake si ghali: daftari la karatasi karibu na kompyuta, inaandikwa humo saa ya kila umeme kukatika. Wenye vibanda wenye bidii huandika hela. Wangeweza kuandika na hilo.

Baada ya miaka ya joto na mizunguko, inafika zamu ya lehemu. Hapa dunia kubwa imeshawahi kupata somo. Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa mapema, kwa sababu vifaa vilivyoishikiza chipu kwenye kibao chake havikuvumilia kupanda na kushuka kwa joto. Baadhi ya watengenezaji wa laptopu walitoa bayosi mpya iliyofanya feni izunguke muda mrefu zaidi, yaani walikubali kwamba joto ndilo lililoharakisha kasoro. Tangu enzi hizo umeenea duniani ule mtindo wa kuichoma kadi: kuitia kwenye oveni au kuipuliza kwa bloa la moto mpaka picha irudi. Arua nayo ina mabloa. Picha hurudi kweli. Kinachotokea ni kwamba joto kali huyasukuma yale maungio madogo yaliyopasuka hadi yakagusana tena, bila kuyaunga. Baada ya wiki au miezi yanaachana. Nadhani fundi anayefanya hivyo kwa kadi yake mwenyewe, kwa kujaribu bahati, hana kosa. Anayeuza kadi iliyochomwa bila kumwambia mnunuzi anauza kitu kinachojulikana kuwa kitakufa.

Draiva nayo si malaika, wala gemu zenyewe. Machi 2010 NVIDIA iliiondoa draiva yake namba 196.75 baada ya kugundulika kwamba iliharibu udhibiti wa feni kwenye baadhi ya kadi, zikachemka katikati ya gemu. Mwaka huohuo StarCraft II ilitoka ikiwa na menyu zilizochora picha bila kikomo; kadi iliyokuwa ikionyesha meli iliyosimama tu ilifanya kazi kuliko ilipokuwa vitani, na Blizzard ikalazimika kuwaambia wachezaji mistari ya kuongeza kwenye faili la mipangilio ili kuweka kikomo. Julai 2021 gemu ya New World ya Amazon, ikiwa bado ya majaribio, iliua kadi kadhaa za RTX 3090. Kampuni ya EVGA ilieleza kwamba kadi zake zilizokufa zilikuwa na kasoro ya lehemu. Katika visa viwili vya mwisho programu ilitaka kazi kupita kiasi na kifaa dhaifu kikaanguka. Gemu ilikuwa kipimo, na udhaifu ulikuwemo tayari. Kwa mashine ya Koboko iliyochoka, hata menyu ya gemu ya mpira ya mwaka 2013 inatosha kuwa kipimo.

Kuna draiva mbovu za aina nyingine, zinazotokana na kadi ya uongo. Tangu miaka kadhaa zimekuwa zikiuzwa duniani kadi za kizazi cha mwaka 2010 na 2011 zilizobadilishwa bayosi zijitambulishe kama GTX 750 Ti au 1050 Ti. Windows inasoma jina, mnunuzi anasoma jina, draiva rasmi inawekwa kwa kufuata jina, kisha mashine inaanguka kwa sababu chipu iliyomo ni nyingine. Programu ndogo ya bure ya GPU-Z huonyesha alama ya kughushi kwenye kadi hizo. Aliyenunua Kampala na kugundua Arua amechelewa, kwa kuwa nauli ya kurudi kudai inakaribia thamani ya kadi.

Kuna na gemu za kunakili. Sioni haja ya kuhubiri hapa, kwa sababu mtu anayelipwa kwa shilingi hauziwi gemu kwa bei inayolingana na mfuko wake, na flashi hupita mkono hadi mkono. Lakini joto lina habari yake humo pia. Juni 2021 kampuni ya Avast ilieleza kuhusu programu haribifu iliyoitwa Crackonosh, iliyofichwa ndani ya gemu zilizovunjwa ulinzi, ikachimba sarafu ya Monero kwenye kompyuta zaidi ya 222,000 na kuwapatia wenyewe kiasi cha dola milioni 2. Ilizima pia kinga ya mashine na masasisho ya Windows. Kompyuta inayochemka bila gemu yoyote kufunguliwa, feni ikivuma usiku wa manane, ichunguzwe kwa jicho hilo kabla ya kubadilishwa pesti. Hiki ni kisa kimoja ambacho kufomati kunatibu kweli, mradi flashi ileile isirudishwe.

Hatua ya mwisho ya kuchoka inatoka mbali kabisa na vumbi la Arua. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa hiyo OptiPlex ya 2013 imeachwa nje kwa sheria. Mwezi huohuo NVIDIA ilikomesha draiva mpya za gemu kwa familia za Maxwell na Pascal, yaani GTX 750 Ti, GT 1030 na 1050 Ti, ikibakiza masasisho ya usalama tu hadi 2028. Kadi za kizazi cha Kepler ziliachwa tangu 2021, na AMD iliziweka kando kadi zake za zamani mwaka huo pia. Zile kadi ambazo zilifaa hasa sanduku la ofisi zimefika ukingoni zote pamoja.

Je, hilo linamuua mchezaji wa Koboko? Si mara moja. Kwa mtu anayecheza PES 2013 au FIFA 14 bila intaneti, draiva mpya haina faida yoyote, na kuitafuta kunagharimu. Faili la draiva ya NVIDIA siku hizi ni megabaiti mia kadhaa, na tangu Julai 2021 Uganda inatoza ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti. Ushauri wa kizungu wa "sasisha draiva kwanza" umeandikwa na watu wenye intaneti isiyo na kikomo na kadi za mwaka jana. Kwa kadi ya 2014 ushauri wa maana ni kinyume chake: tafuta draiva moja ya zamani iliyo tulivu, ihifadhi kwenye flashi mbili, zuia Windows isiibadilishe yenyewe, na usiiguse tena. Mtu akitaka kuendelea na kadi za zamani za AMD, draiva huria za Mesa kwenye Linux bado zinazihudumia, ingawa mafundi wanaoifahamu njia hiyo ni wachache.

Yanayobaki ni mambo ya bei ndogo ambayo hayavutii mtu kuyalipia. Kuweka kikomo cha picha 60 kwa sekunde, au hata 30, kunaipunguzia kadi kazi bila mchezaji wa mpira kulalamika sana. Windows yenyewe ina mpangilio wa nguvu ya juu ya prosesa. Ukiushusha kutoka asilimia 100 hadi 99, prosesa nyingi za Intel huacha kujisukuma kupita kasi yao ya msingi, na laptopu hupoa kwa kiasi kinachosikika mkononi. Programu ya MSI Afterburner huendesha kadi za kampuni nyingine pia na huruhusu kupunguza nguvu na kuongeza kasi ya feni. Draiva ikibidi kubadilishwa, ya zamani iondolewe kabisa kwa programu ya DDU, mashine ikiwa kwenye hali salama, badala ya kupandikiza mpya juu ya mabaki. Kuna na ule ujanja wa kuingia kwenye rejista ya Windows na kuongeza zile sekunde 2 ziwe 8 au 10. Unafanya taarifa ionekane mara chache. Kadi inaendelea kuchemka kwa muda mrefu zaidi kila inapozimia, na siuungi mkono kwenye mashine yoyote ambayo haijafunguliwa na kusafishwa kwanza.

Mpangilio wa kupima nao haupaswi kumchosha mtu. Fungua sanduku, toa vumbi, badili pesti, kisha cheza mfuniko ukiwa wazi na feni ya meza ikipuliza ndani. Gemu ikidumu, ugonjwa ni joto. Isipodumu na joto liko chini, hamishia pawa saplai ya mashine nyingine, kwa mkopo wa saa moja. Ikidumu, umepata. Isipodumu, toa kadi, chezea chipu ya picha iliyomo kwenye prosesa, hata kama picha itakuwa mbaya. Ni baada ya hapo tu ndipo draiva na Windows zinapostahili kushukiwa. Mafundi wengi huanza mwisho wa orodha hii kwa sababu kufomati hakuhitaji bisibisi wala kipuri cha kukopa, na kwa sababu mteja analipa kazi anayoiona kwenye skrini.

Hilo la malipo ndilo linaloamua kasi ya kuchoka. Fundi hulipwa kwa mashine iliyokufa. Hakuna anayemlipa kwa mashine ambayo haikufa. Wakati huohuo wateja wenyewe wanapungua. Vijana wamehamia simu za Tecno na Infinix, ambako gemu ya mpira hushushwa bure na umeme ukikatika betri inaendelea. Koboko, biashara iliyopungua kila vita vilipowaka Sudan Kusini, Desemba 2013 na tena Julai 2016, ilipunguza na hela za anasa. Chuo Kikuu cha Muni kiko hapo Arua tangu 2013 na kinafundisha teknolojia ya habari, lakini mhitimu anatafuta kazi ya mtandao na programu. Bloa na bisibisi zinabaki kwa yule aliyejifunza kwa kutazama mkubwa wake, ambaye naye alijifunza kufomati.

Mwenye kibanda chenye kompyuta nne anaweza kuvunja mzunguko huo kwa mkataba wa mdomo tu: fundi aje mwishoni mwa Novemba kabla ya vumbi, na tena mvua za Machi zinapoanza, asafishe zote, abadili pesti pale inapohitajika, alipwe kiasi kilekile awe amekuta ubovu au hajakuta. Gharama ya ziara mbili ilinganishwe na bei ya kadi moja ya mtumba pamoja na nauli yake kutoka Kampala.